Dalali Mwenye Sura ya Shosti

Mwaka jana, wiki chache kabla ya sendoff ya mdogo wangu, nilimsindikiza kwa fundi wetu wa Mianzini kwenda kupimwa. Zamani banda la fundi yule lilikuwa limebandikwa mabango ya karatasi ukuta mzima, yale yenye picha za akina mama waliovaa vitenge, kila mshono na namba yake. Ulikuwa unasema tu, "Fundi, nishonee namba kumi na saba." Siku hizi ukuta ni mtupu. Mdogo wangu alifungua simu akaonyesha skrinishoti: msichana kavaa gauni la lesi ya kijani, kiuno chembamba kama cha nyigu, mkia wa gauni umemwagika sakafuni.

Fundi hakuuliza huyu ni nani. Alicheka, akachomoa simu yake na kutuonyesha picha ileile, aliyotumiwa na mteja wa Sakina wiki iliyopita, na kabla ya hapo na mwingine wa Njiro.

"Dada, hili nimeshalishona mara nne," akasema. "Ila ngoja nikuonyeshe kitu." Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka kwenye ubavu wa yule msichana. "Unauona huu mkunjo? Hapa nyuma kabanwa pini. Gauni halikushonwa hivi, limebanwa likawa hivi. Akikaa kwenye kiti tu, shughuli imekwisha."

"Mimi nataka hivyohivyo," mdogo wangu akamjibu.

Njiani nikamuuliza ile picha aliipata wapi. Msichana mwenyewe hamjui hata jina. Picha aliirusha binamu yetu kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Binamu aliitoa kwenye statasi ya mpambaji mmoja wa hapahapa Arusha. Mpambaji aliidaka Instagram, kwa staa wa Dar. Na ukiutazama ule mshono vizuri, staa wa Dar naye alikuwa ameutazama Lagos. Sasa hapo nani amemshawishi mdogo wangu? Tukisema "mainfluensa wanaharibu watoto wetu" au "mainfluensa wanaendesha biashara siku hizi", huwa tunamfikiria mtu mmoja maarufu anayepiga filimbi na umati ukamfuata. Mambo hayaendi hivyo, na hayakuwahi kwenda hivyo hata kabla ya simu.

Mwaka 1945 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walikwenda Decatur, mji wa kawaida tu katika jimbo la Illinois, Marekani, wakawahoji wanawake wapatao 800. Waliwauliza mambo ya kila siku: umebadili aina ya chakula unachonunua? Umebadili mtindo wa nywele? Filamu umeichaguaje? Na kila aliyesema amebadili kitu, waliuliza ni nani au nini kilimbadilisha. Wakati ule redio na magazeti ndiyo yalidhaniwa kuwa na nguvu zote. Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walipochapisha matokeo mwaka 1955, picha ilikuwa tofauti: watu walikuwa wakimsikiliza zaidi mtu wanayemjua, tena mara nyingi mtu wa hali kama yao. Kwenye mavazi waliofuatwa ni wasichana. Kwenye manunuzi ya jikoni, akina mama wenye familia kubwa. Habari ilitoka kwenye redio ikafika kwa hao wachache, na kutoka kwao ikamfikia jirani. Hatua mbili.

Aliyelelewa kwetu halimshangazi hili. Mama yangu alibadili sabuni ya kufulia kwa neno la mama mmoja wa kikoba, na redio ilikuwa imeitangaza sabuni hiyo miaka mitatu bila yeye kutikisika. Kilichobadilika ni kwamba hatua ya pili, ile ya jirani, sasa nayo inapita kwenye simu. Statasi ya binamu ndiyo baraza jipya.

Majina nayo yanatuchanganya. Kampuni ikimlipa msanii humwita balozi, neno ambalo kwa wengi wetu lilikuwa la balozi wa nyumba kumi. Balozi yule ulijua anapolala. Akikupotosha unamgongea mlango. Mtaani anaitwa influensa, au staa wa Insta, na akizidi kumsifia tajiri wake anaitwa chawa. Waandishi wengine wamejaribu "mshawishi", jina ambalo linanikumbusha kesi ya rushwa. Kwa maoni yangu neno linalomfaa tunalo siku nyingi, nalo ni dalali.

Simtukani. Ukitafuta chumba Kijenge au Pasua, dalali anakusaidia kweli: anajua nyumba ipi ina maji na ipi mwenye nyumba ni mkorofi. Lakini unamjua kuwa ni dalali. Unajua kodi ya mwezi mmoja itakwenda mfukoni mwake, kwa hiyo akisema "hiki chumba ni kizuri sana, bosi", unapunguza maneno yake kwa nusu kabla hujayameza. Kichwa chako kinafanya hesabu hiyo chenyewe. Wa kwenye simu naye anaishi kwa kamisheni, ila kaja na sura ya shosti. Hesabu ile ya kupunguza haifanyiki.

Kwa nini haifanyiki? Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliwatazama watangazaji wa televisheni, kitu ambacho kilikuwa bado kipya majumbani. Waliona mtangazaji anatazama kamera kana kwamba anamtazama mtu mmoja, anatania, anauliza "mmelalaje?", na mtazamaji baada ya wiki kadhaa anaanza kumhesabu kama mtu wake. Ni urafiki wa upande mmoja: wewe unamjua mwanawe, yeye hajui kama upo. Televisheni ilikuwa sebuleni na ina familia nzima mbele yake. Simu uko nayo kitandani, saa tano usiku, na yeye pia yuko kitandani, hajapaka kitu usoni, anaonyesha uji wa mtoto na kulalamika kuhusu mgongo. Akiweka kopa moja kwenye maoni ya mtu mmoja, mamia wanajiona wamejibiwa. Halafu siku ya tano, katikati ya habari za mgongo, anataja mafuta fulani ya kuchua.

Nani analipa? Kwa mastaa wakubwa ni mikataba na mawakili. Juni 2021 Kim Kardashian aliweka Instagram tangazo la sarafu ya kidijitali ya EthereumMax. Alikuwa amelipwa dola 250,000 na hakusema. Oktoba 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumalizana na SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, bila kukiri wala kukana kosa. Chini ya posti aliandika neno la kuashiria tangazo. Tume ilichotaka ni kiasi alicholipwa. Kwa maneno ya Kijenge: taja kamisheni yako.

Huku kwetu mambo ni madogo na hayana karatasi. Mwenye saluni anamsuka bure binti mwenye wafuasi elfu kumi na tano, binti anaposti nywele. Mgahawa unamlisha yeye na rafiki zake watatu. Nyumba ya wageni inampa usiku mmoja na kifungua kinywa. Wengine wanapewa namba ya punguzo, ukiitaja dukani unapunguziwa elfu mbili na yeye anahesabiwa kichwa. Wengine wanakaa mubashara TikTok wakitumiwa waridi na simba, zawadi ambazo mtazamaji kazinunua kwa pesa halali na kampuni inakata fungu lake kabla hazijamfikia mwenyewe. Hapa hakuna anayeona kuna tangazo, pengine hata yule binti mwenyewe. Kwake ni nywele nzuri alizosukwa na dada mkarimu, na kusema "hapa si pazuri sana" ingekuwa utovu wa adabu. Ndiyo maana nasema uongo si neno sahihi. Ukimpa mgeni chai, hakwambii sukari imezidi.

Serikali imeshaona kuwa hii ni kazi kama kazi nyingine: tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui wa mitandaoni. Kwa hiyo mtu wa kodi ana haki ya kujua nani kalipwa kwa posti ipi. Mimi ninayenunua mafuta ya mgongo bado nakisia.

Juu ya haya yote kuna mashine. Mpaka mwaka 2016 Instagram ilipanga picha kwa mpangilio wa saa, ya sasa hivi juu, ya asubuhi chini. Ikabadili, ikaanza kupanga kwa kukisia utapenda nini. TikTok ikaenda mbali zaidi: haijali sana unamfuata nani, inatazama umekaa sekunde ngapi kwenye video kabla hujaisukuma juu. Umesita kidogo kwenye gauni la kijani, basi kesho utaletewa magauni ya kijani saba, mpaka uamini dunia nzima imevaa kijani. Mdogo wangu hakuambiwa na mtu kuwa kijani ndiyo rangi ya mwaka. Alihesabu mwenyewe, kwenye kioo kilichokuwa kinamhesabu yeye. Na bando lake ndilo lililolipia hesabu zote mbili.

Ukitaka kuona nguvu hii kwenye ardhi badala ya nguo, shuka Boma Ng'ombe na ukate kuelekea Rundugai. Kule kuna chemchemi za Kikuletwa, ambazo watu wote wanaziita Chemka. Jina linatisha lakini maji ni ya uvuguvugu tu, nasema kwa faida ya wanaobeba mayai wakitegemea kuyachemsha. Ni maji maangavu ya rangi ya samawati katikati ya nchi kavu, mizizi ya mikuyu imening'inia juu yake, na kuna kamba ya kujirushia. Mahali hapo pameumbwa kwa ajili ya kamera. Nilipokuwa mdogo palikuwa pa watoto wa vijiji vya jirani. Sasa nenda Jumapili ya Desemba, wakati Wachaga wako nyumbani kuhesabiwa, uone foleni ya kusubiri kamba: mmoja anajirusha, mmoja anachukua video, wa tatu anasema "rudia, haijatoka vizuri".

Nimesikia watu wakilalamika kuwa mitandao imepaharibu. Sijui kama wamewauliza vijana wa bodaboda wa pale Boma, au akina mama wanaokaanga chipsi na kuku pembeni, au wanaokodisha maboya. Ni ajira ambazo hakuna tangazo la redio lingezileta. Upande wa Moshi, Materuni nayo imekwenda njia hiyohiyo: maporomoko, halafu kahawa inakaangwa na kutwangwa kwenye kinu kwa nyimbo mbele ya mgeni, na mgeni anarekodi. Kinachokosekana kwenye video ni kile kilichokosekana kwenye gauni, yaani mgongo wake. Vumbi la barabara ya Chemka halimo. Msongamano haumo, maana kila mmoja anasubiri wengine watoke kwenye fremu.

Mlimani jambo hili ni zito zaidi. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Kilimanjaro, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Kwa usalama ni jambo jema, mtu akizidiwa taarifa inateremka upesi. Na kwa wapagazi, wale tunaowaita wagumu, na kwa waongozaji limefungua mlango ambao haukuwepo: kijana wa Marangu mwenye akaunti yake, anayerekodi alfajiri na mawingu yakiwa chini ya miguu, anaweza kuandikiwa na mgeni moja kwa moja bila kupita kwa wakala watatu. Lakini video ya nusu dakika inaishia kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895, watu wanacheza. Ule usiku wa kutoka kambi ya Kibo kupanda hadi kituo cha Gilman's hauna mwanga wa kurekodia. Kichwa kinagonga, mtu anatapika, mwongozaji anarudia "polepole" mpaka neno linapoteza maana. Anayekuja akiwa ameuona mlima kwenye simu tu huwa anataka siku chache, maana ni nafuu, na mwili wake unahitaji siku nyingi.

Na kabla sijasahau: Kili Paul, yule kijana wa Kimaasai anayefuatisha nyimbo za Kihindi pamoja na dada yake Neema, na ambaye Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alimtaja katika hotuba yake ya redio, ni wa mkoa wa Pwani. Nimeshakutana na watu hapa Arusha wanaomwita "chalii wetu". Jina na lubega vimetufanyia ukoo.

Sasa kwenye maumivu. Mkorogo ulikuwepo kabla ya Instagram, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini siku nyingi. Zebaki inadhuru figo, haiishii kwenye ngozi. Ila zamani mkorogo uliuzwa kwa kunong'ona, na matokeo yake uliyaona juani, kwenye vifundo vya vidole vya muuzaji. Siku hizi unauzwa kwa picha mbili, "kabla" na "baada". Ya kwanza imepigwa kwenye kivuli, ya pili mbele ya taa ya duara na filta juu yake, na kopo halina hata jina la kiwanda. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook, wamiliki wa Instagram, zilizovujishwa na Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao, zilionyesha kampuni yenyewe ilikuwa inajua: kati ya wasichana wa rika la balehe waliojisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia hali hiyo. Namba ile ilitoka nje ya nchi yetu. Taa za duara ninaziona Kariakoo ndogo zote za mji huu.

Kwa wavulana ni mikeka, yaani tiketi za kubashiri mechi. Kijana wa mtaa wa Unga Limited ana kundi la Telegram la "mtaalamu" anayeposti mikeka iliyotiki tu. Iliyochanika haipostiwi, kwa hiyo ukimfuata miezi miwili unaona mtu asiyekosea. Kinachomfanya akushawishi ujisajili kupitia kiungo chake na si kwingine ni mfumo wa kamisheni unaotumika kwenye biashara hii duniani. Wengine hulipwa kwa kila kichwa kilichojisajili na kuweka pesa. Wengine hulipwa asilimia ya kile ambacho wale waliowaleta wanapoteza, muda wote wanaocheza. Soma tena hapo. Katika mkataba wa namna hii ya pili, shosti wako anapata pale wewe unapokosa. Dalali wa nyumba angalau anataka upate chumba.

Na tusijidanganye kuwa bila simu tungekuwa salama. Mwaka 2009, kabla Instagram haijazaliwa, maelfu ya Watanzania walipoteza akiba zao DECI, mchezo wa "kupanda mbegu" na "kuvuna". Waliouongoza walikuwa wachungaji, na ulisambaa kwa njia ya muumini kumwambia muumini mwenzake. Decatur tupu. Tofauti ni mwendo, na kwamba jirani aliyekushawishi ulikuwa unakutana naye Jumapili inayofuata, akiwa amelizwa kama wewe.

Wafaransa wamejaribu kulifunga jambo hili kwa sheria. Ile ya Juni 2023 ilimtaka anayelipwa aandike wazi kuwa ni tangazo, aseme kama picha imehaririwa, na ilikataza kabisa kutangaza upasuaji wa urembo. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 2 na faini ya yuro 300,000. Sisi tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, tuna sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na dawa haitangazwi bila kibali. Vipande vipo. Lakini nani atamshtaki binti aliyesukwa nywele bure?

Kwa hiyo mimi ninajitafutia sheria yangu ndogo, na nimeipata kwa mwanamke mmoja wa Kiboriloni. Anafungua belo la mitumba mubashara TikTok, anainua blauzi moja moja. "Hii ina doa hapa kwapani, elfu mbili. Hii mpya kabisa, elfu saba, sipunguzi." Anageuza kila nguo nyuma. Anapiga makelele, anatania wateja, ana wafuasi wengi kuliko redio nyingine. Ni influensa kamili, ila unajua mali ni yake na faida ni yake, na doa ulilionyeshwa. Sijawahi kujutia kununua kwake, isipokuwa sweta moja, na lile kosa langu, sikuuliza saizi.

Sendoff ya mdogo wangu ilifana. Fundi alimshonea gauni analoweza kukalia, na bado jioni ile, nyuma ya ukumbi, nilimshikia taa ya simu wakati shangazi anambana pini sita kutoka mgongoni mpaka kiunoni, kwa ajili ya dakika kumi za mpiga picha. Zikabanduliwa kabla ya chakula. Picha aliiweka Instagram, ambako ana wafuasi mia sita na kitu, wengi wao ni ndugu na watu aliosoma nao.

Wiki tatu baadaye fundi akanitumia WhatsApp. Ilikuwa skrinishoti ya mdogo wangu, kiuno cha nyigu, lesi ya kijani, imeletwa na binti wa Ngaramtoni ambaye hatumfahamu. Chini yake fundi kaandika: "Dada, huyu naye nimwambie habari ya pini, au nishone tu?"